Boundary Waters au Algonquin: mtumbwi, hema na marafiki wakati wa vuli

Kila mwaka ikifika Julai swali huibuka kwenye kundi letu la WhatsApp: vuli hii tunakwenda wapi? Tuko sita. Wanne tunaishi Minneapolis na vitongoji vyake, wawili wako Toronto. Wa Minnesota wanavutia kwao, Boundary Waters, pori la maziwa upande wa Marekani; wa Ontario wanavutia kwao, hifadhi ya Algonquin upande wa Kanada, na kila upande una picha za kumaliza ubishi. Mimi nimelala kwenye hema pande zote mbili, mara tatu Boundary Waters na mara mbili Algonquin, safari zote kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi wapi ni pazuri zaidi, huwa sijibu. Kote ni pazuri. Nauliza: mko wangapi, nani kati yenu hajawahi kushika kafi, na mnaondoka tarehe ngapi? Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayochagua.

Tuelewane maneno kidogo. Ninaposema vuli sisemi mvua za vuli za nyumbani. Nasema majira ya huku ambapo majani yanageuka rangi na kupukutika. Mtumbwi nao si gogo lililochongwa kama ule wa wavuvi wa Mwanza nilikokulia. Ni chombo chepesi cha alumini au cha nyuzi za Kevlar, urefu wa mita 5 hivi, wawili mnakaa, mmoja omo na mmoja tezi, mizigo katikati. Halafu kuna neno ambalo hamtalikwepa: poteji. Ni kipande cha nchi kavu kati ya ziwa na ziwa. Ukifika hapo mtumbwi haukubebi tena, wewe ndiye unayeubeba, umeugeuza juu chini, nira yake ya mbao imekaa mabegani, na unachokiona mbele yako ni miguu yako na mizizi.

Kwa wasio na subira, haya ndiyo ya msingi:

| | Boundary Waters | Algonquin |
|---|---|---|
| Mahali | Kaskazini-mashariki mwa Minnesota, Marekani | Ontario, Kanada |
| Ukubwa | Karibu kilomita za mraba 4,400 | Karibu kilomita za mraba 7,600 |
| Maziwa | Zaidi ya 1,000 | Zaidi ya 2,400 |
| Kibali kinakufunga na | Mlango wa kuingilia na tarehe | Ziwa la kila usiku |
| Malipo ya kibali | Kwa kila mtu, mara moja kwa safari nzima. Bure kuanzia Oktoba 1 | Kwa kila mtu, kwa kila usiku |
| Ukubwa wa kundi | Watu 9, mitumbwi 4 | Watu 9 kwa kambi |
| Vibao vya njia | Hakuna | Vipo |
| Kwa gari | Minneapolis hadi Ely (mji wa mlangoni), saa 4 hivi | Toronto hadi Canoe Lake (ziwa la kuingilia), saa 3 hivi |

Safu ya nne, ya kibali, watu wengi wanaipita haraka. Ndiyo iliyotutesa sisi.

Algonquin unakata kibali kwa kutaja ziwa utakalolala kila usiku. Jumatatu ziwa hili, Jumanne lile, na kadhalika mpaka siku ya kutoka. Ukifika kwenye ziwa lako unachagua kambi yoyote iliyo wazi kati ya zile zenye kibao cha rangi ya machungwa, lakini ziwa ni hilo hilo. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu una uhakika kwamba hamtazidi idadi ya kambi zilizopo. Boundary Waters ni kinyume chake. Kibali kinasema mtaingia mlango gani na tarehe gani, basi. Mkishaingia, mnalala popote penye kambi rasmi iliyo wazi. Anayetangulia ndiye anayepata. Mkipapenda, mnakaa. Mkipachoka, mnasogea.

Wakati wa kiangazi tofauti hiyo ni ya starehe tu. Wakati wa vuli inabadilika, kwa sababu ya upepo.

Mara yangu ya kwanza Algonquin tulikata kibali cha ziwa lililo ng'ambo ya Opeongo. Opeongo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ndani ya hifadhi ile, na upepo wa kaskazini-magharibi ukiamka unalipiga kwa urefu wake. Tulifika ufukweni saa nne asubuhi tukakuta mawimbi yana povu jeupe. Mwenzetu mmoja wa Toronto, ambaye ndiye aliyepanga safari, akasema, "Kaka, tusubiri kidogo, huu utapungua." Tukasubiri. Tukachemsha chai. Tukala chakula cha mchana ambacho kilikuwa cha jioni. Saa kumi alasiri upepo ukalegea, na hapo tulikuwa na njia mbili: turudi kwenye gari na kupoteza usiku tuliokwishalipia, au tuingie majini tukijua giza litatukuta. Tulikuwa watu wazima sita na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Tukaingia.

Tulifika poteji jua limezama. Kubeba mtumbwi gizani kwa taa ya kichwani ni jambo la kufanya mara moja tu maishani: mwanga unagonga ndani ya mtumbwi na kukurudia machoni, huoni mbele. Ng'ambo ya pili tulizunguka ziwa kumulika miti tukitafuta kibao cha machungwa, na cha kwanza tulichokiona kilikuwa na hema la watu wengine waliolala. Wakatuamkia kwa upole kuliko tulivyostahili. Tulisimamisha mahema karibu saa nne usiku, ugali haukupikwa, tukala karanga na tende. Kosa lilikuwa letu. Hakuna mtu wa hifadhi aliyetulazimisha. Ila kibali chenye jina la ziwa kina namna ya kukusukuma: akili inasema subiri, karatasi inasema leo unatakiwa kule.

Mwaka uliofuata tukawa Boundary Waters, tumeingilia Sawbill, mlango namba 38. Siku ya pili upepo ule ule wa mbisho ukaanza. Tukapiga makafi robo saa, tukatazamana, tukageuza omo kwenye kambi ya kwanza iliyokuwa tupu. Saa tano asubuhi tulikuwa tumeshafunga turubai, sufuria iko motoni, na shemeji yangu amelala chali juu ya mwamba kama yuko Coco Beach. Hatukumkosea mtu yeyote.

Haki pia isemwe. Uhuru huo una bei yake. Mwisho wa wiki wa Septemba, maziwa yaliyo karibu na milango maarufu hujaa, na mkichelewa mnaweza kupita kambi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ina moshi. Kulala pasipo kambi rasmi hakuruhusiwi. Dawa ni kuanza kutafuta mapema, saa saba au saa nane mchana, na kuweka angalau poteji moja kati yenu na maegesho. Watu wengi hawapendi kubeba; ukibeba mara moja tu, umeshawaacha nusu yao nyuma.

Suala la vibao linawapendelea wa Algonquin. Kule kila poteji ina kibao cha njano ufukweni na urefu wake umeandikwa kwa mita. Unaiona toka mbali, unajua ni mita 295, kama ile ya kutoka Canoe Lake kwenda Joe Lake, unajipanga. Boundary Waters hakuna kibao hata kimoja kwenye njia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 kuhusu maeneo ya pori inataka alama za binadamu ziwe chache iwezekanavyo, kwa hiyo poteji unaitafuta kwa ramani, dira na macho: upenyo mdogo kwenye miti, changarawe iliyokanyagwa, pengine mikwaruzo ya mitumbwi kwenye mawe. Na ramani zao zinapima poteji kwa rodi. Rodi moja ni futi 16.5, yaani mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Sawbill kwenda Alton ni rodi 30, mita 150. Unaimaliza kabla bega halijalalamika. Ukiona 180, hiyo inakaribia kilomita, na ukumbuke wengi wetu tunapita mara tatu: kwenda na mtumbwi, kurudi mikono mitupu, kwenda tena na mizigo.

Kwa hiyo kundi lisilo na hata mtu mmoja anayejua kusoma ramani ya maziwa ningelipeleka Algonquin bila kusita. Simu itawaonyesha mahali mlipo, sawa, lakini simu yenye betri iliyolala kwenye baridi usiku kucha nayo ina tabia zake.

Rangi. Hapa sina ubishi: Algonquin inashinda. Upande wake wa magharibi, unaopitiwa na barabara ya Highway 60, ni msitu wa mimepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba vilima vinakuwa vyekundu na rangi ya machungwa kiasi kwamba picha zinaonekana za uongo. Ndani ya Boundary Waters msitu mwingi ni misonobari, mibetula na mipopla, kwa hiyo vuli yake ni dhahabu juu ya kijani kibichi. Mimepo myekundu ipo zaidi kwenye matuta yanayotazama Ziwa Superior, maeneo ya Tofte, unayoyapita kwa gari ukielekea Sawbill, na Lutsen iliyo mbele yake. Mimi naipenda ile dhahabu, hasa asubuhi ukungu ukiwa bado uko majini. Lakini mtu anayesafiri kwa ajili ya rangi nyekundu asidanganywe, aende Ontario.

Aende akijua kwamba hatakuwa peke yake. Toronto nzima inazijua wiki hizo mbili. Magari ya watazama majani yanajipanga Highway 60, na mwisho wa wiki wa Sikukuu ya Shukrani ya Kanada, ambayo ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, ni wa kukwepa kabisa. Ukianzia Canoe Lake, saa ya kwanza utaona nyumba za mapumziko za watu ufukweni na boti za injini zikipita. Ni ziwa lenye historia pia. Mchoraji Tom Thomson alifia humo Julai 1917, na mpaka leo watu wanabishana alikufaje. Lakini upweke utaupata baada ya poteji ya pili au ya tatu, si kabla. Boundary Waters nako baadhi ya maziwa yanaruhusu injini, Moose Lake kwa mfano, ila ukiingilia Sawbill hakuna injini toka mwanzo. Kimya chake kinashangaza mtu aliyezoea mji. Siku ya kwanza unasikia masikio yako mwenyewe.

Wanyama ni wale wale. Dubu weusi, mbwa mwitu ambao utawasikia kuliko kuwaona, biva wanaojenga mabwawa, na musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mrefu kuliko farasi. Mwisho wa Septemba ni msimu wa musi dume kutafuta jike, na dume wa wakati huo hana adabu. Ukikutana naye kwenye poteji, njia ni yake. Luni, yule ndege wa majini anayelia usiku kama mtu aliyefiwa, ni ndege wa jimbo la Minnesota na ndiye aliyechorwa kwenye sarafu ya dola moja ya Kanada, kwa hiyo hapo nchi zote mbili zinadai. Ukichelewa hadi Oktoba wakubwa wengi huwa wameshahama na kuwaacha makinda yao yafuate baadaye bila kiongozi. Tofauti moja ya kukumbuka: Boundary Waters watu wenye leseni wanaruhusiwa kuwinda wakati wa vuli. Vaeni kofia ya rangi kali.

Na mbu? Hakuna. Hiyo peke yake ni sababu ya kusafiri vuli badala ya Juni.

Nimesema Septemba na Oktoba kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na kwa maoni yangu kuchagua mwezi kuna uzito kuliko kuchagua hifadhi. Wiki ile ya Septemba 22 ndipo mchana wa huku unapolingana na mchana wa Mwanza, saa kumi na mbili na kitu. Baada ya hapo kila siku inapungua dakika tatu hivi. Kufikia Oktoba 10 jua la Ely linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na msituni giza linaingia kabla ya hapo. Mkiwa wapya, kazi za kambi zinachukua saa mbili: kuni, maji, mahema, chakula, kamba ya kutundika mizigo. Hesabuni kurudi nyuma kutoka machweo mtaona siku ya kupiga kafi ni fupi kiasi gani.

Halafu maji. Mwanza mtumbwi ukipinduka mnacheka, mnaugeuza, mnaendelea. Huku maji ya Oktoba yako chini ya nyuzi 10 au karibu na hapo, na wanaofundisha uokoaji wa maji baridi wanatumia hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi iliyoshtuka, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya mwili kupoa hadi ukapoteza fahamu. Soma vizuri ile ya katikati. Dakika 10 za mikono inayotii. Ziwa lenye upana wa kilomita 2, ukiwa katikati, hazitoshi kufika popote. Ndiyo maana jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi. Na ndiyo maana vuli tunapita kandokando ya ufukwe hata kama njia inakuwa ndefu maradufu. Hili halichagui Boundary Waters wala Algonquin; linachagua kati ya Septemba 20 na Oktoba 12. Wenye mgeni wa mtumbwi kundini wachague ya kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Wakodishaji wa pande zote mbili watakupa uchaguzi wa mtumbwi: wa alumini, kilo 32 au zaidi, au wa Kevlar, kilo 19 au 20. Bega linachagua Kevlar mara moja, na bega lina haki. Lakini Kevlar haipendi mawe, na mwambao wote wa huku ni mwamba. Kwa hiyo huufikishi nchi kavu ukapanda kwa madaha. Unasimama kabla haujagusa, unatia mguu majini, maji yanafika gotini, unaushika usikwaruze wakati mwenzako anashusha mizigo. Julai ni raha. Oktoba yangu ya kwanza nilifanya hivyo mara nane kwa siku moja nikiwa na viatu vya mazoezi. Jioni nilivua soksi karibu na moto nikaona vidole vyeupe kama nta, naviminya sivisikii, na nilipoanza kuvisikia nilitamani nisingevisikia. Mabuti marefu ya mpira, yanayofika chini ya goti, na soksi mbili nene za sufu. Nguo za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki upesi.

Chakula nacho kina sheria zinazofanana, na zinatugusa sisi kuliko wenyeji. Makopo na chupa za vyakula na vinywaji ni marufuku ndani ya hifadhi zote mbili. Maharage ya kopo, nyanya ya kopo, soda, chupa ya achari, vyote vinabaki kwenye gari au vinahamishiwa kwenye vifuko na vyombo vya plastiki unavyorudi navyo. Wenzetu wa huku wanakula vyakula vya pakiti vilivyokaushwa, pakiti moja bei ya mlo wa hotelini. Sisi tuna unga. Kilo moja ya unga wa mahindi inawashibisha wanne, haina kopo, haiharibiki, na inapikika kwenye moto wa kuni wa aina yoyote. Mboga tunakausha wenyewe wiki moja kabla. Dagaa ndio waliozua mjadala. Ni wepesi na watamu, lakini harufu yao inatembea, na pua ya dubu haijali kama ni dagaa wa Mwanza au wa Kigoma. Tulikubaliana hivi: dagaa wanaliwa usiku wa kwanza, wote, sufuria inasuguliwa mbali na ziwa na mbali na mahema, na chakula kingine chote kinatundikwa juu ya mti au kinakaa kwenye pipa gumu lisilofunguliwa na dubu. Kulala na chakula ndani ya hema ni kumwalika mgeni.

Moto wenyewe una nafasi yake. Boundary Waters kila kambi ina wavu wa chuma wa kuwashia moto, na choo cha sanduku kipo nyuma porini. Algonquin kuna shimo la moto lililozungushiwa mawe na sanduku la mbao lenye mfuniko. Choo hakina kuta upande wowote, mwenye haya atazoea. Lakini msitegemee moto pekee. Ukame wa mwisho wa kiangazi huweza kuleta katazo la moto hadi vuli. Mwaka 2011 radi ilipiga Pagami Creek, ndani ya Boundary Waters, tarehe 18 Agosti, moto ukawa mdogo kwa wiki kadhaa, kisha Septemba upepo ukaubeba na mwishowe zaidi ya ekari 92,000 zikaungua. Beba jiko dogo la gesi, na uangalie tangazo la moto asubuhi ya kuondoka.

Pesa. Boundary Waters mwezi Septemba mnalipa kila kichwa mara moja tu, jumlisha ada ya kuweka nafasi. Mkikaa usiku mbili au saba ni hiyo hiyo. Kuanzia Oktoba 1 mnajaza fomu wenyewe, hamlipi. Algonquin inahesabu kila kichwa kila usiku, kwa hiyo kadiri mnavyokaa ndivyo inavyopanda. Kwa usiku mbili hamtaona tofauti kubwa, kwa usiku tano mtaiona. Kinachokula pesa kikweli ni kukodi: mitumbwi, mapipa, mifuko ya kulalia ya kuhimili baridi chini ya sifuri. Hapo Kanada na Marekani wanalingana, na mimi ningepunguza siku kabla ya kupunguza ubora wa mfuko wa kulalia.

Na mpaka. Hili linasemwa kwa sauti ya chini lakini kwenye makundi yetu ndilo huamua kabla ya yote. Mwenye pasipoti ya Marekani au ya Kanada anavuka. Mwenye kadi ya kijani halali na pasipoti ya nchi yake anaingia Kanada bila viza. Lakini Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayeishi huku kwa karatasi nyingine anahitaji viza, na yule ambaye ombi lake bado linasubiri uamuzi hatakiwi kabisa kuhatarisha kutoka nje kwa ajili ya kutazama majani. Mwaka mmoja tulibadilisha safari nzima kwa ajili ya mtu mmoja, na hatukumwuliza maswali. Aliyepanga alisema tu kwamba mwaka huu Minnesota inamvutia.

Kwa wanaotaka kulala pande zote mbili za mpaka kwa ukali zaidi, ipo Quetico, hifadhi ya Ontario inayopakana na Boundary Waters kwa kaskazini. Huko kambi hazina wavu wala choo na njia hazina alama. Sijalala huko, na kwa kundi lenye wapya siitaji kama chaguo la tatu.

Basi kama mko Toronto, mna siku tatu, kuna wawili wasiojua ramani na mnataka rangi: Algonquin, wiki ya mwisho ya Septemba, siku za katikati ya wiki, ingilieni Canoe Lake, na usiku wa kwanza wekeni ziwa la karibu hata kama mna nguvu za kwenda mbali. Opeongo na maziwa makubwa mengine mwaachie mwezi wa Julai. Poteji ya Dickson na Bonfield, yenye zaidi ya kilomita 5, iwe ya kuhadithiwa tu. Kama mko Minneapolis, mna siku nne au tano, mmoja wenu anajua dira, na mnachotaka ni kimya: Boundary Waters, kuanzia Septemba 20, mlango usio na injini. Mko nusu kwa nusu kama sisi, fuateni karatasi za yule mwenye karatasi dhaifu, na wengine waendeshe gari.

Sisi vuli hii ni Sawbill tena. Kibali kimeshakatwa, wa Toronto watakuja kwa ndege hadi Minneapolis na kulalamika njia nzima ya kwenda Tofte kwamba mimepo yetu ni haba. Nimewaambia waangalie upande wa kushoto wa barabara na wanyamaze. Kafi la sita bado halina mwenyewe, maana shemeji amepata mtoto mwezi uliopita na dada yangu amesema haendi popote. Tunatafuta mtu mwenye mabuti yake, anayejua kusonga ugali kwenye moshi bila kulia.